Benchi la Ofisi ya Maji

Jumatatu asubuhi mfua nguo mmoja aliingia ofisi ya maji na kandambili zilizolika visigino. Alisema bomba la nyumbani halitoi hata tone, naye ana mama mkwe asiyeinuka kitandani, wa kubadilishiwa shuka kila siku.

"Bomba lako tu ndilo bovu, mama," alisema karani bila kuinua macho. "Kaa hapo kidogo."

Alikaa. Ofisi ilipofungwa alitaka kuinuka, akakuta mapaja yake yameungana na benchi. Hayakuuma. Ubao ulikuwa na joto la mwili, na mishipa ya mfua nguo ilishuka ndani ya miguu ya benchi hadi kwenye saruji.

Mfagizi alimzunguka na ufagio wake. "Afadhali wewe umekaa," alisema. "Mimi tangu asubuhi nimesimama."

Waliokuja baadaye walimkuta pale pale, wakawa wanamweleza shida zao. Kila mmoja alikuwa ameambiwa bomba lake tu ndilo bovu.

"Wewe unakaa wapi?" mfua nguo alimuuliza fundi viatu mmoja.

"Nyuma ya shule."

"Na huyu mwenzako?"

"Jirani yangu huyu. Tunatenganishwa na ukuta tu."

"Na hamjawahi kuulizana?"

Fundi viatu alijikuna kichwa. "Niliona aibu, dada. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Mfua nguo hakuwahi kuongoza hata kikao cha ukoo. Alichoka tu kusikia jambo lile lile. Aliwaambia wakae, wasikubali kujibiwa mmoja mmoja, na wanaoweza kutembea wapokezane kwenda kumhudumia mama mkwe. Walikaa, wakabanana. Kabla wiki haijaisha, benchi lilikuwa limewashika wote waliokaa, na waliokuwa zamu kwa mama mkwe ndio pekee waliobaki na miguu yao.

Meneja alitoka, akawatazama, akasema malalamiko yamepokelewa. Kesho yake alimtuma seremala aongeze benchi.

"Shikamoo, mama. Niongeze kiasi gani?"

"Marahaba, mwanangu. Pima mpaka mlangoni kwa meneja."

"Mlango ule unafungukia nje. Atatokaje?"

"Atapiga hodi. Sisi tutamsikiliza."

Seremala alivuta futi kamba yake, akapima. Mabomba yalikuwa bado makavu, na mgongo wa mfua nguo ulikuwa unauma.