Siku Suruali Zilipopotea Mji Mzima

Asubuhi hiyo mtunga programu alikuwa sakafuni kwa shangazi yake, fundi cherehani, kompyuta mapajani, akichomoa pini zilizomganda kwenye sketi. Ndivyo walivyofanya kazi tangu mwanzo. Shangazi anashona huku analalamika, naye anairekebisha hapo hapo ile programu ya simu ambayo mafundi huhifadhia vipimo vya wateja.

"Na hizi suruali ziondoe, mwanangu. Mimi sishoni suruali, zinanijazia tu."

Akaziondoa. Akabonyeza, zikaenda.

Zikaenda kweli! Chai haijapoa, simu za ofisini kwake zikaanza kulia. Mafundi wa mji mzima walikuwa wamefungua programu wakakuta hakuna suruali hata moja. Fundi mmoja, bwana harusi alikuwa amesimama mbele yake, mguu mmoja wa suruali umeshakatwa, wa pili urefu wake haujulikani.

Mchana kutwa walihangaika kuzirudisha. Mkuu wake wa kazi hakufoka, na hilo ndilo lililomuuma.

"Shangazi yako ana jicho, sikatai," alisema. "Ila mambo ya hapo hapo basi. Ombi liandikwe, lijadiliwe kikaoni, mwenzako alikague, lijaribiwe pembeni, ndipo litoke."

Jioni akaenda kumweleza shangazi.

"Kwa hiyo nikitaka kitufe kihamie kushoto, ningoje kikao?"

"Kama wiki mbili hivi, shangazi."

"Wiki mbili! Hicho kitufe kinavaa shela?"

Wakacheka. Kisha shangazi akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa, akaifuta tena.

"Kwani mimi nilijua kuna wengine? Nilidhani umenitengenezea mimi."

Ni kweli, alianza kwa ajili yake. Wengine walikuja baadaye tu, na hakuna aliyekumbuka kumwambia.

"Haya, ofisi ni ofisi," shangazi akasema, akaigeukia cherehani yake.

Kesho yake mtunga programu alimfuata mkuu. "Kwenye hicho kikao, nani anashona?"

Mkuu akatazama viti vya chumba cha kikao, akajikuna kidevu. "Haya, mlete."

Mtunga programu akaandika haraka kwenye simu: "Shangazi wangu, kikao ni Ijumaa asubuhi. Nimekuombea kiti, wamekubali. Utalalamika kama kawaida, ila mbele ya watu. Bila wewe sijui naitengeneza kwa ajili ya nani. Utakuja?"

Alama mbili zikageuka bluu: shangazi amesoma. Juu pakatokea "anaandika", pakafutika. Pakatokea tena, pakafutika. Akaiweka simu mezani, kioo juu, akaendelea kungoja jibu.