Vinyago Vyenye Nywele za Saluni

Shule ilisema hivi: Siku ya Urithi, kila mtoto aje na kitu cha kwao. Mwanangu Glody akarudi nyumbani, akatupa begi, akaniambia yeye atasema ni Mzulu, basi.

"Glody Kabongo," nikamwambia, "wewe na Uzulu wapi na wapi?"

"Nimezaliwa hapa Durban, Maman. Na kesho kwenye taxi, tafadhali, usiongee Kiswahili kwa sauti. Watu wanageuka."

Eish. Iliniuma, sitadanganya. Mimi Laurette nasuka nywele hapo Umbilo, na saluni nzima inajua mdomo wangu hauna breki. Watu wakigeuka wageuke, shingo ni zao. Lakini kesho yake nilikaa kimya kwenye taxi, yaani kile kibasi cha abiria, mpaka tukashuka, na Glody akanishukuru. Ile asante ndiyo iliyonimaliza.

Nikaapa mtoto huyu hataenda shuleni mikono mitupu. Jumamosi nikakusanya watoto wa kanisa letu, Wakongo na Warundi, ndani ya ukumbi wa kanisa. Tutengeneze vinyago vya kuvaa usoni, kama walivyochonga wazee wetu, ila sisi kwa sahani za karatasi. Rafiki yangu Libérate, Mrundi anayeshona nguo, akaleta vipande vya kitenge. Mimi nikaleta mfuko wa mèche, zile nywele za kusukia zinazobaki sakafuni saluni: nyeusi, nyekundu, mpaka za bluu. Nilizifua, msinitazame hivyo.

"Pasteur anajua?" Libérate akauliza.

"Ajue nini? Ni sahani."

Hapo nilikosea. Taja kinyago mbele ya watu wetu wa maombi, uone watakavyoruka. Mmoja wao akampigia Pasteur simu kwamba Laurette anafundisha watoto uchawi. Gundi haijakauka, Pasteur Josias huyo mlangoni, chupa ya mafuta ya upako mkononi, kiberiti mfukoni, na tai shingoni siku ya Jumamosi.

"Maman Laurette, hizi sura za mizimu tunazichoma leo, hapo uani."

"Mizimu gani, Pasteur? Niliwaambia kila mmoja atengeneze sura ya mtu anayemjua."

"Hata wachawi wana watu wanaowajua."

Nikamtafuta Glody kwa macho. Alikuwa kwenye kona, ameikumbatia sahani yake, sura imegeukia kifuani, hataki mtu aione. Nikajua wakiichoma hiyo, mtoto ataenda kuwa Mzulu, na mimi nitakuwa bubu kwenye taxi mpaka siku ya kufa. Niliogopa kweli.

Pasteur akachukua kinyago kimoja mezani, akakinyanyua juu ili akikemee vizuri. Kilikuwa na upara uliopakwa gundi makusudi ung'ae. Mèche nyeusi chache zimelazwa kutoka sikio hili mpaka lile, kuuficha ule upara. Miwani ya dhahabu. Pengo katikati ya meno ya mbele. Ukumbi mzima ukatazama kinyago, ukamtazama Pasteur, halafu ukatazama sakafu.

Akachukua kingine. Pasteur tena. Kingine, Pasteur na tai yake. Sasa watoto wamjue nani zaidi ya mtu anayewapigia kelele kila Jumapili mpaka njaa inawauma?

"Choma basi," nikasema. "Kiberiti iko."

Akakitoa, hakukiwasha. Yeye mwenyewe ndiye anayetuhubiria kwamba mchawi akitaka kumwua mtu, anachoma sura yake. Sasa mtumishi wa Mungu ajiroge mwenyewe, mchana, mbele ya waumini? Libérate aliuma kitenge asicheke.

Pasteur akarudisha kiberiti mfukoni. "Pengo langu si kubwa hivi," akasema taratibu. Kisha akakiomba kile chenye miwani, akaenda nacho nyumbani kumwonyesha mke wake.

Nikaenda kwa Glody. "Na wewe umemtengeneza Pasteur?"

Akaigeuza sahani. Kilemba cha kitenge. Mèche za bluu, zile zile nilizokuwa nimesuka kichwani wiki hiyo. Halafu mdomo: tundu lililokula nusu ya sahani, meno yote nje, na ulimi wa kitambaa chekundu unaning'inia mpaka chini ya kidevu.

"Mbona mdomo mkubwa hivi?"

"Nilianza na mdogo," akasema. "Hukuwa wewe."

Nikatafuta kamba, nikamfungia kinyago chake vizuri.

Siku ya Urithi alikivaa kinyago hicho tangu kwenye taxi. Abiria wote wakageuka. Mimi nikatazama nje dirishani, kimya, kama alivyoniomba. Tukapita robot ya kwanza, zile taa za barabarani. Kisha nikavutwa mkono, na kwenye lile tundu ikatoka sauti, kwa Kiswahili, ya kumfikia hata dereva:

"Maman, mbona umenyamaza?"