Sentensi Isiyo na Nukta

Kazi yangu ni kutengeneza karatasi zilizochakaa. Kwa hiyo bibi yangu aliponiletea barua ya mume wake wa kwanza, yule aliyekwenda vitani, niliona ni kazi ya kufumba na kufumbua.

"Itengeneze vizuri," akasema, akijiweka kwenye stuli yangu. "Nataka nizikwe nayo. Nikikutana naye huko, nimwoneshe alichoniandikia."

Bibi hajui kusoma. Barua hiyo alisomewa na karani wa posta, mara moja tu, na mstari wa mwisho anao kichwani hadi leo: "Mke wangu, usiniandikie tena." Barua zilizofuata alizirudisha hukohuko posta bila kuzifungua. Mume mwenyewe hakurudi. Vita vilipokwisha, bibi akaolewa na babu yangu.

Nilipoipitisha karatasi kwenye mvuke, ikaachana. Kumbe zilikuwa mbili, zimegandana kwa gundi ya bahasha. Ya pili ilianza hivi: "kwa anwani hii, maana tunahamishwa. Ningoje, nitakutumia mpya."

Karani mjinga wa kutupwa! Hakuona kwamba sentensi haina nukta? Nilitaka kumfokea mtu, lakini nani? Karani alishakufa siku nyingi. Na angesoma vizuri, mimi nisingezaliwa.

"Kuna nini?" bibi akauliza. "Macho yangu hayafai, lakini naona vipande viwili. Umeichana?"

Nikaziweka karatasi zote mbili mezani.

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Basi ibandike kama ilivyokuwa."

Nikachukua gundi.