Kikombe Kilichosogezwa

Chai ilimwagika tena. Bilali Mwinyimadi, bingwa wa taifa wa ngumi uzito wa juu, kilo mia moja na nne bila viatu, alikuwa ameishika chupa ya chai sawasawa, mkono haukutetemeka hata kidogo, na chai ikashuka vizuri kabisa, vidole viwili pembeni ya kikombe. Ikatambaa mezani kuelekea kwenye sahani ya mihogo.

"Hiki kikombe kimekaa vibaya," akasema.

Shamsia, mkewe, aliisogeza kando sahani ya mihogo. Alifuta meza kwa kipande cha kanga, akakisogeza kikombe mpaka chini ya mdomo wa chupa. "Haya, mimina." Akamimina, kikajaa. Wiki ya tatu hiyo mambo yalikuwa yanakwenda hivyo, na katika nyumba ile ya vyumba viwili pale Maili Moja, Kibaha, lawama zote vilibebeshwa vikombe.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Saa kumi jioni Bilali alitakiwa ukumbini kupima uzito na afya, na Jumamosi apande ulingoni kuutetea mkanda wake. Akishinda, promota Damiani alimuahidi pambano la nje ya nchi. Asiposhinda, basi, atarudi kuwa mbeba mbao moja kwa moja, maana hata sasa ubingwa haukumtoa kwenye mbao. Juzi tu tajiri wa banda la mbao alimwambia mbele za watu, "Bingwa, acha kutunisha kifua, shusha mzigo." Akashusha.

Lakini kabla ya saa kumi alikuwa na safari nyingine, aliyoikwepa mara tatu. Huko Kurui, ndani kabisa ya Kisarawe, watu walikuwa wanasoma hitma ya arobaini ya Yahya. Na Yahya alipigwa na Bilali. Aliangushwa raundi ya sita, akainuka, akacheka, akaenda kuoga, na siku ya pili yake akalala asiamke. Ngumi haina kesi polisi, kila mtu alimwambia hivyo. Ila mama wa marehemu alituma ujumbe: Aje, asiogope.

Alikwenda na kocha wake, Sospeter, kwa pikipiki ya kocha. Walipita Kiluvya, wakapita Kisarawe mjini, wakaiacha lami na kushika njia ya Maneromango, vumbi jekundu likiwajaa masikioni. Bilali alikaa nyuma akitazama mbele juu ya bega la kocha, na barabara ikawa mbili. Moja ilipanda kidogo kulia, nyingine ikabaki chini, na kila gari lililokuja mbele lilikuja na pacha wake. Alifumba macho. Alimuomba Mungu amfikishe salama.

Bi Mwanakheri, mama yake Yahya, alikuwa mwanamke mfupi mwenye kaniki nyeusi na sauti ya chini. Bilali alipiga goti mbele yake pale kwenye mkeka wa wanawake, mtu mzima mkubwa vile, mpaka akina mama wakasogeza masufuria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefika?"

"Nimefika. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi nimekupa siku nyingi. Wewe hukumuua. Kaa, watani wakianza kuna jambo nataka ulitazame."

Akakaa. Hitma ikasomwa, dua ikaombwa, ubwabwa ukaliwa. Ndipo watani walipoingia kazini.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani msibani haogopi mtu. Ataingia na nguo za marehemu, atatembea mwendo wake, atamsema na uroho wake, mpaka wafiwa wacheke wapende wasipende. Ndiyo dawa ya kilio. Mtani wa pale Kurui alikuwa Mwalimu Laurentia wa shule ya msingi, Mnyamwezi wa Tabora, mwembamba na mwenye miwani. Alitokea nyuma ya nyumba amevaa joho jekundu la Yahya, lile lile la kupandia ulingoni, likimburuta chini, na mikononi amevaa glavu.

Watu wakapasuka. "Eee, Yahya huyo!"

Bilali hakucheka. Nywele zilimsimama. Kwa maana yule mwalimu alikuwa anatembea mwendo wa Yahya hasa: bega la kushoto chini, kisigino kikiburuzwa, kidevu kimefichwa. Alicheza ngumi za Yahya, mbili za haraka kisha kurudi nyuma nusu hatua. Bilali alijikuta ameshakunja ngumi ya kulia bila kujua.

"Mimi Yahya!" Laurentia akanguruma. "Mimi bondia! Naogopwa mpaka Dar! Lakini mlango wa mama yangu sioni!" Akauendea mlango, akajigonga kwenye fremu. Vicheko. Akarudi, akajigonga tena. "Mama, nani kauhamisha huu mlango?"

"Ndivyo alivyokuwa!" akapiga kelele mzee mmoja, anajifuta machozi ya kucheka. "Siku zile za mwisho kila saa anajigonga!"

Laurentia akavua glavu, akadai chai. Akaletewa birika na kikombe. Akajiweka sawa, akainua birika kwa madaha, akamimina. Chai ikaangukia pembeni, vidole viwili.

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Bilali hakuwahi kuogopa mtu ulingoni, hata siku moja, lakini pale mkekani, jua la saa sita linawaka, alimuogopa yule mwalimu mwenye miwani.

"Kikombe kimekaa vibaya!" akalalamika Laurentia kwa sauti ya Yahya. Kisha akatoa siri yake: akafumba jicho la kushoto, akamimina tena, na chai ikaingia kikombeni barabara. Watu wakapiga makofi.

Jicho la kushoto. Bilali alilikumbuka jicho lile. Raundi ya tatu Yahya alianza kulifumba, na Bilali akadhani anakonyezwa, anadharauliwa mbele ya watu. Hasira zikampanda. Alirudi kwenye kona, na Sospeter akamwambia sikioni: "Upande wake wa kushoto haoni. Mzungushie mkono wa kulia, mle huko huko." Akazungusha. Raundi tatu nzima alizungusha, na kila ngumi ilifika, na baadaye aliwasimulia vijana gym kwamba ule ndio ufundi wenyewe, kumsoma mtu. Kumbe alikuwa anamsoma mgonjwa.

Utani ulipotulia, kahawa ikapita. Bi Mwanakheri mwenyewe alimletea Bilali. Akaweka kikombe mkekani, Bilali akanyoosha mkono, vidole vikashika hewa. Na yule mama, bila kutazama, huku anaongea na mtu mwingine, akakisukuma kikombe mpaka kikagusa vidole vya Bilali. Ulikuwa mkono uliozoea kazi hiyo. Shamsia alikuwa anasogeza hivyo hivyo.

Bi Mwanakheri mazungumzo yakamkatikia mdomoni. Akaugeukia mkono wake, kisha akamtazama Bilali usoni, taratibu.

"Yarabi," akasema. "Na wewe?"

Bilali akakishika kikombe kwa mikono miwili.

"Lini unapigana tena?"

"Kesho."

Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Tulimpeleka kwa mganga, akasema jini. Mwenzio akasema, mama, hebu acha, kama naumwa daktari wa ngumi angeona. Karatasi ya daktari hii hapa. Nenda nayo."

Njiani kurudi Bilali alimgonga kocha begani mpaka akasimamisha pikipiki. Walisimama kati ya mashamba ya mihogo, hakuna mtu, hakuna hata upepo.

"Kocha, ulijua Yahya anaumwa?"

"Nilijua ana jicho bovu." Sospeter alikuwa anapangusa vumbi kwenye taa ya pikipiki, taa ambayo haikuwa chafu kiasi hicho. "Kila bondia ana kibovu chake, Bilali. Kazi ya kocha ni kukitafuta."

"Na mimi? Kibovu changu umekiona?"

Kocha akaendelea kupangusa. Walikuwa pamoja miaka kumi na moja. Aliwahi kumuuguza Bilali malaria akimlisha uji kwa kijiko.

"Kesho tumalize mapema," akasema mwishowe. "Raundi ya pili. Usimpe nafasi ya kukuzoea."

Kwa hiyo alikuwa ameona. Bilali alipanda nyuma yake, na huzuni aliyoisikia ilikuwa kubwa kuliko hofu. Yule wa kesho naye ana kocha, na kocha wake naye ana macho.

Ukumbi pale Kibaha ulikuwa umepambwa kwa mabango. Picha ya Bilali ilikuwa kubwa kuliko mlango. Mizani ilikuwa katikati, waandishi wa habari kama kumi na simu zao juu, na kwenye meza ndefu walikaa promota Damiani, suti ya buluu, na daktari wa pambano, koti jeupe. Mezani palikuwa na jagi la maji, glasi, muhuri na rundo la fomu.

"Bingwa! Saa zimekwenda, kaka. Vua, panda mizani," alisema Damiani.

"Kwanza daktari anipime."

"Umeshapimwa," daktari akajibu, akimsogezea fomu. Ilikuwa imejazwa na kugongwa muhuri. Presha, mapigo ya moyo, macho: mazuri. Hitimisho: afya njema.

"Umenipima lini?"

Daktari akaitazama fomu. "Jana."

"Jana nilikuwa nabeba mbao."

Bilali akatoa karatasi ya Kurui, akaikunjua, akaiweka kando ya yake. Alilazimika kuinamisha kichwa ili zisiwe karatasi nne. Presha ile ile. Mapigo yale yale, sabini na mbili. Macho: mazuri. Ingekuwa si majina pale juu, hakuna ambaye angejua ipi ni ya mzima na ipi ni ya maiti. Bilali alijiona anasoma habari zake kutoka kaburini.

"Huyu amekufa," akasema. "Arobaini yake leo."

"Mungu amrehemu," akasema Damiani upesi, akitazama simu za waandishi. "Sasa panda mizani, bingwa, tusiharibu shughuli."

Bilali akavuta jagi. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kujua, mara moja ya mwisho, hapa ambapo hapakuwa na Shamsia wala mama wa mtu. Aliweka glasi mbele yake, macho yote mawili wazi, akamimina polepole. Maji yakashuka pembeni. Yakatapakaa juu ya zile karatasi mbili, na wino wa muhuri ukaanza kuvuja.

Ukumbi ukacheka. Wakacheka kama walivyocheka Kurui, na mwandishi mmoja akasema, "Rudia, bingwa, sikuipata vizuri."

"Ana vituko huyu!" Damiani akapiga makofi. "Kesho atamwaga mtu hivyo hivyo!"

"Damiani, siigizi. Naona viwili viwili. Nataka nipelekwe hospitali, nipigwe picha ya kichwa."

Hapo kicheko kikakatika. Damiani akainuka, akamshika mkono, akamsogelea sikioni. "Baada ya kesho. Naapa, mimi mwenyewe nitakupeleka. Tiketi zimeuzwa, bwana. Usiniue."

"Kesho sipigani."

Sospeter alikuwa kasimama karibu na mizani, anatazama viatu vyake. Damiani alimtazama, kisha akamtazama Bilali kwa muda, na uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu wa kazi. Akageukia mlangoni, alikosimama baunsa mmoja mpana, Hemedi, aliyeletwa kuzuia watu wasisukumane.

"Wewe. Kilo ngapi?"

"Mia na kitu, bosi."

"Ulishawahi kupigana?"

"Zamani, shuleni."

"Inatosha. Vua shati."

Hemedi alicheka akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, macho yakamng'aa kwa furaha, maskini, akaanza kufungua vifungo. Na daktari, bila kuinua kichwa, akachomoa fomu kutoka chini ya rundo. Bilali aliiona vizuri kuliko alivyoona kitu chochote siku ile. Presha ilikuwa imeshaandikwa. Mapigo sabini na mbili. Macho mazuri. Muhuri umegongwa na wino umekauka kitambo. Ni mahali pa jina tu palipokuwa wazi, na chini yake fomu nyingine, na chini yake nyingine.

"Jina lako nani?" daktari akauliza, kalamu tayari.

Bilali alilinyanyua jagi. Bado lilikuwa na maji ya kutosha. Akafumba jicho la kushoto, taratibu, kama Yahya, na rundo la fomu likawa moja.

Akamimina mpaka jagi likaisha, na safari hii hakuna tone lililoangukia pembeni.