Nyumbu Walimsubiri Monica

Hii mtasema natunga, ila ndo ilivyokuwa: nyumbu walimsubiri mtu wa Ukonga apate likizo. Nyumbu milioni na kitu, wana njaa zao, wakaganda kule kaskazini ya Serengeti mpaka Monica akawahi. Yaani aliwahi kabisa. Na bado ikawa vile ilivyokuwa.

Monica ni karani kwenye yadi ya makontena Kurasini. Kazi yake kusimama juani na karatasi. Kontena likishuka anaandika namba, likitoka anaandika namba. Jioni akifika kwao Ukonga anakaa kwanza kwenye ngazi ya mlangoni, viatu bado miguuni, mpaka apate nguvu za kuingia ndani. Baba yake, Mzee Albano, humsikia amekaa pale, anaendelea na patasi yake.

Mzee ni Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago. Miaka arobaini anachonga mpingo, na kilichomtoa ni nyumbu. Watalii wanawapenda nyumbu wake mpaka basi. Sasa sikia: Mzee hajawahi kumuona nyumbu. Alijifunzia kwenye kalenda ya ukutani, na ile picha ilikatikia katikati ya mnyama. Kichwa kipo, ndevu zipo, kifua kipo, nyuma hakuna. Kwa hiyo nyuma akaweka ya ng'ombe. Nyumbu wote wa Mzee Albano, popote walipo duniani, mbele nyumbu, nyuma ng'ombe. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Mwenye kukosa amani alikuwa yeye.

Monica akimwonyesha picha kwenye simu, anaisukuma pembeni.

"Hapo kapozi huyo. Mie nataka nimuone anavyoondoka. Mnyama hujamjua kama hujamuona anaondoka."

Mwezi wa tano hospitali wakasema presha ya macho imeshakula sana. Matone yatachelewesha, hayatarudisha. Wakati huo Mzee alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari akamvuta Monica pembeni: "Hilo tundu linaziba. Siwezi kukwambia lini."

Hapo ndo safari ilipoanzia.

Kuna kijana anaitwa Praygod, alipangaga chumba kwao enzi anasoma chuo, sasa anaendesha watalii Arusha. Akasema kila baada ya wiki mbili, Jumanne, kuna gari linapeleka gesi na mboga kambini, kule kule mto Mara nyumbu wanapovukia. Viti viwili vipo, Mzee apande bure. Basi Monica akawa anatakiwa akutanishe vitu vitatu: likizo, Jumanne ya gari, na nyumbu. Likizo zenyewe yadini zinabandikwa ukutani tangu mwaka unaanza, na anatoka karani mmoja mmoja. Yake ilikuwa mwisho wa mwezi wa saba. Ilikaa vizuri.

Siku tano kabla, Praygod akatuma sauti: "Dada, wamevuka jana, kundi kubwa balaa. Umekosa kitu."

Sasa mtu wa Kurasini umwambie kitu kimevuka. Kwake yeye meli ikitoka imetoka, hairudi kesho kukuchungulia. Monica akasikiliza ile sauti mara mbili, akakunja karatasi zake, akamfuata Bupe, karani mwenzie. Bupe alikuwa anaililia ile nafasi, mama yake anaumwa Tukuyu, na likizo yake iko mbali huko mwezi wa kumi.

"Chukua yangu, mie nitachukua ya kwako. Wangu wameshaondoka."

"Wako akina nani?"

"Nyumbu."

Bupe akamwangalia toka juu mpaka chini. "Shoga, hilo jua limekuingia. Kakae kivulini."

Akaipokea lakini. Akasafiri.

Wiki mbili zikapita, Praygod akapiga. "Mbona hamkuja? Gari lilipanda na viti vitupu."

"Si ulisema wamevuka."

"Ee, walivuka. Kesho yake wakarudi. Juzi wamevuka tena. Dada, hawa hawana akili hiyo unayowapa. Wanavuka wanarudi, wanavuka wanarudi, mpaka mvua zinyeshe kusini ndo wanaondoka kweli."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua unajua. Kila mtu anajua."

Monica akachuchumaa pale pale kati ya makontena mawili. Foreman akadhani kapata kizunguzungu, akamletea maji. Akayanywa, maana kuelezea ilikuwa kazi kubwa kuliko kunywa.

Kuanzia hapo akawa mtu wa mvua. Mwezi wa nane, mwezi wa tisa, kila jioni pale kwenye ngazi, simu mkononi: kusini kumenyesha? Bado. Leo je? Mawingu tu. Watu wa Dar tunaombaga mvua isinyeshe kwa sababu ya matope, yeye alikuwa anaizuia kwa kichwa isinyeshe mkoa mwingine. Usiku anaamka anatia matone kwenye macho ya baba, asubuhi anarudi juani.

"Hao jamaa wapo?" Mzee anauliza.

"Wapo, baba."

"Wasiwe na haraka. Na wewe usiwe na haraka."

Katikati ya mwezi wa tisa akaacha kuchonga. Akasema anapumzisha mikono, ataanza upya akirudi huko, kwa usahihi. Monica akasema sawa. Kichwa chake kilikuwa kimejaa Jumanne na mvua, hakikuwa na nafasi ya kitu kingine.

Na mvua, wewe, ikachelewa. Mwezi wa kumi ukaingia kukavu. Praygod akapiga mwenyewe: "Dada, wamejaa mtoni kama wanamngoja mtu. Njooni."

Jumatatu, siku ya kwanza ya likizo. Basi la Arusha saa tatu, kesho yake gari la kambini. Begi limeshafungwa. Mzee kanyoa ndevu, kavaa shati la kanisani. Monica akaweka chai juu ya stuli, ila leo upande wa kulia, maana kushoto anapowekaga siku zote kulikuwa na begi. Mkono wa Mzee ukaenda kushoto. Ukapapasa hewa, ukashika begi, ukarudi polepole ukifuata ukingo wa stuli mpaka ukagusa kikombe.

Monica akasimama. Akanyoosha mkono mbele ya uso wa baba yake, akautikisa.

Mzee alikuwa anamtazama palepale, usawa wa mkono, wala hakupepesa.

"Umenyamaza, kuna nini?"

"Natafuta chaja."

Akaangalia kwenye rafu. Nyumbu wa mwisho alikuwa pale. Kichwa kimekamilika, ndevu, kifua. Nyuma gogo tupu, halijaguswa na patasi. Vumbi lililokuwa juu yake si la juzi.

"Jua kali leo," Mzee akasema, anakunywa chai. Nje mawingu yalikuwa yametanda toka alfajiri. "Ndo vizuri, nitaona mbali. Umehangaika sana na hii safari, mama. Nitamwangalia vizuri, usiwe na wasiwasi."

Simu ikaita. Praygod. "Mmeshatoka?"

Monica akakaa kwenye mkono wa kochi. Nawaambia ukweli, kitu alichokuwa anakitaka pale ni kulala. Aseme neno moja, wote wavue viatu, alale mpaka likizo iishe. Baba yake kaacha kunywa, kikombe kiko hewani, anasikiliza atajibu nini.

"Tunatoka," akasema.

Akamchukua yule nyumbu wa nusu, akamfuta vumbi na kanga, akamtumbukiza kwenye begi. Bajaji ikapiga honi. Akamshika baba yake mkono, kama vile anamsaidia tu kwa sababu ya uzee.

"Ngazi hiyo, baba."

"Naiona."

Haya, wewe ungekuwa Monica, hapo mlangoni ungemwambia kwamba umeshajua? Au na wewe ungefunga mlango mkaenda?