Mrihani wa Tumu

"Mwanangu, mayi n'shakuya nayo. Kaburi la Tumu li wapi?"

Ami Kamaludin alisimama katikati ya majani yaliyomfika kifuani, kopo la maji mkononi, akigeuka huku na huku. Siku ile muda wa utafiti wangu ulikuwa umekwisha, nami nilitaka yeye awe wa kwanza kurudi makaburini na jembe lake. Mimi, mtaalamu wa wadudu, niliyejua kila kishimo cha nyuki humo ndani, sikujua alikozikwa binti yake.

Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimerudi Mombasa na shahada yangu na kiburi chake. Kisiwa kizima kilikuwa kikitiwa sakafu ya saruji, nami nikagundua kwamba wale nyuki wadogo wasio na mzinga, wachimbao ardhini kila mmoja chumba chake, walijaa kwenye makaburi yetu ya nyuma ya Makadara kuliko popote. Nilihesabu aina arobaini na moja. Nikawaza: ikiwa wako wengi hivi na watu wanafyeka, je, wakiacha kufyeka? Wazee wa msikiti walinikubalia pasiingiwe wala pasifyekwe, kwa heshima ya marehemu babangu. Ami Kamaludin peke yake ndiye aliyeuliza.

"Hata mimi nisipalilie?"

"Hata wewe, ami. Miaka miwili tu."

Tumu alikufa akiwa na siku arobaini, miaka thelathini na mmoja kabla ya hapo. Kwetu hatujengei kaburi wala hatuandiki jiwe. Alama yake, kama ya makaburi mengine, ilikuwa mrihani, kichaka kidogo chenye maua na harufu nzuri, na kila Ijumaa baada ya swala babake aliutilia maji na kuufagilia. Nilimnyima hayo yote, naye akatii, kwa kuwa alimwamini kijana aliyesoma.

Nyuki hawakuongezeka. Mwaka wa kwanza nilipata aina ishirini na sita, wa pili kumi na saba. Nikasingizia ukame, nikasingizia dawa ya mbu, na makala yangu yenye visingizio hivyo ilikuwa imeshakubaliwa na jarida moja la ng'ambo. Mbele ya mzee yule na kopo lake ndipo nilipoelewa. Mirihani iliyokufa kwa kiu ndiyo iliyokuwa chakula chao, na ardhi iliyofagiwa ndiyo waliyoweza kuichimba. Waliowalea nyuki ni hawa hawa waliokuwa wakija na makopo ya maji, na mimi ndiye niliyewafungia mlango.

"Subiri, ami," nikasema. "Nimeandika kila mmea."

Nikafungua daftari la mwanzo, lenye vipimo vya kila kichaka kutoka ukutani. Nikautafuta mrihani ukurasa baada ya ukurasa, mpaka nikakuta mstari wa mkono wangu mwenyewe: mimea iliyopandwa na watu haihesabiwi.

Nikamsomea. Aibu niliyoiona siku ile sijaiona tena.

Tulipalilia kona walikozikwa watoto kwa mikono, asubuhi nne. Tulipata vifuu, vigae, vijiti vikavu, na vilima vidogo thelathini vilivyofanana. Ami hakunilaumu hata kwa neno moja, na afadhali angenilaumu. Siku ya tano alikuja na beseni la miche.

"Natupande pote," akasema. "Yumo humu humu."

Makala niliiondoa, nikaandika nyingine iliyokiri kosa. Tangu hapo kila ninapokwenda kupima ardhi, iwe shamba au uwanja, huuliza kwanza ni nani apatunzaye.

Miezi michache baadaye alinialika kwake chai. Mlangoni akanishika mkono.

"Mamake Tumu siyamwambia," akanong'ona.

Bi Nasiha, mkewe, alikuwa hatoki tena kwa maradhi ya miguu. Akanisogezea sahani ya mahamri, akanikazia macho.

"Wasema wewe ndiwe umsaidiaye babake kule. Haya, n'ambia kweli, maana huyu huniambia ya kunifurahisha. Mrihani wa mwanangu u hai?"

Ami Kamaludin aliinamia kikombe chake.

"U hai, mama," nikasema. "Umeanza kutoa maua."

"Na hao nyuki wako, humfika?"

"Humfika kila siku."

"Basi hayuko peke yake," akasema, akaniongeza chai.