Wa Kunitilia Dawa ya Macho

Asubuhi ile niliamka macho yameshikana kwa tongotongo, nikapapasa ukuta mpaka kwenye beseni la maji. Nilipoyaosha yakafunguka, lakini nilipofungua kitabu cha sala mistari ilikuwa inaogelea. Hapo ndipo nilipoogopa. Tangu mume wangu azikwe, ule ukurasa ninaousoma kwa sauti kila alfajiri ndiyo mazungumzo yangu ya siku nzima. Macho yakinitupa, nitaongea na nani?

Nikarudi kwenye duka la dawa la pale kona. Mfamasia ni binti mdogo, koti lake jeupe halikosi pasi, maneno yake machache. Siku chache nyuma alikuwa amenimulika macho kwa tochi, akanipa kichupa cha matone, nitie tone moja kila jicho, asubuhi, mchana na jioni. Akanionya nisichangie taulo na mtu. Nilitaka kucheka. Taulo kwangu iko moja, na msumari wake mmoja.

Mbele yangu alikuwepo fundi mwashi, saruji imemkaukia viatuni, anabembeleza apewe dawa ya kichwa yenye nguvu kuliko ile ya jana.

"Ile ya jana ulikunywa umekula?" mfamasia akamuuliza.

"Nilikunywa na chai."

"Chai si chakula, kaka. Kale kwanza, tumbo lako halijakukosea kitu."

Ikawa zamu yangu. Nikaweka kichupa kitupu juu ya kaunta.

"Nipe kingine, mwanangu. Hiki kimekwisha."

Akakitikisa karibu na sikio. "Mama, hiki ni cha wiki nzima na zaidi. Unatia au unakunywa?"

"Labda anaungia mboga," fundi akadakia.

Wakacheka waliokuwa nyuma, nami nikacheka nao. Kicheko cha watu wengi kilikuwa kimenipita siku nyingi.

Mfamasia akawasha tochi, akaniinamia. Akaniuliza kama macho yanauma ndani. Hayaumi, yanawasha tu. Nikipepesa, mistari inatulia? Inatulia.

"Lakini wekundu uko palepale," akasema. "Kama dawa yote hii imeingia na haikusaidia, itabidi uende hospitali."

Hospitali ndiko nilikompeleka baba watoto kwa miguu yake, nikarudi na nguo zake mkononi. Nadhani alinisoma usoni, maana alitoa kichupa kipya, akakifungua.

"Kabla hujaenda popote, hebu tia nikuone."

Nikainua kichwa nikiwa nimesimama, kama ninavyofanya nyumbani mbele ya kioo. Nilipobonyeza, jicho likajifumba lenyewe, dawa ikateremka shavuni mpaka kidevuni. Nikajaribu tena, ikaishia kwenye ukosi wa gauni.

"Basi mama, inatosha." Akashusha sauti. "Nyumbani nani anakutilia?"

Ningeweza kusema mkwe wangu. Mkwe ninaye, ila yuko mbali na simu yake haina haraka.

"Alikuwepo," nikasema.

Fundi akaaga, akaondoka.

Mfamasia akanawa mikono, akazunguka kaunta, akanikalisha kwenye benchi. Akanivuta kope la chini taratibu mpaka likawa kama kamfuko. "Tazama juu." Tone likaanguka, baridi, na vidole vyake vya moto. Sikuwa nimeguswa usoni na mtu tangu msiba. Niliona aibu jinsi nilivyotamani jicho la pili lichelewe.

"Uwe unapita hapa, nitakutilia," akasema. "Si kazi kubwa."

Mungu anisamehe, nilikaribia kukubali. Lakini nimeona wafamasia kadhaa nyuma ya kaunta ile. Wanakuja, tunazoeana, wanahama.

"Nifundishe," nikamwambia. "Wewe nawe una kwako."

Akanielekeza nisisimame, nilale chali. Nifumbe jicho, niangushe tone kwenye kona ya karibu na pua, kisha nifumbue liingie lenyewe.

"Ikifika keshokutwa hujaona nafuu, au yakianza kuuma, au ukiona ukungu usioondoka, ni hospitali, mama. Hapo hatubishani."

"Hatubishani," nikakubali.

Mchana nikajilaza kitandani, upande wangu uleule, ingawa kitanda chote sasa ni changu. Nikafumba, nikadondosha, nikafumbua. Likaingia. La jicho la pili nalo likaingia, shavu likabaki kavu. Nikamshukuru Mungu.

"Yameingia," nikasema kwa sauti.

Ng'ambo ya ukuta jirani alikuwa anamwogesha mtoto, mtoto analia sabuni inamwuma. Nikabaki nimelala, macho nimeyafumba dawa itulie, nikimsikiliza mama yake akimwambia avumilie kidogo, yuko naye, anamalizia.